Staata Iliyokuwa Ikizunguka Bure

Kwa karibu miaka mitatu nilisukuma pikapu nyeupe ya Mrundi mmoja bila kumwambia ninachojua.

Pikapu ile ndiyo iliyobeba mazao yetu kutoka Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda Mbarara, kila Jumanne na Ijumaa. Sisi wanawake wa maharage na mahindi tulikaa nyuma juu ya magunia, tumejifunga vitenge kichwani kwa sababu ya vumbi. Mwenye gari alikuwa mtu wa makamo, Mkatoliki, mpole, mke wake amefariki zamani. Jioni alikuwa anaegesha mteremkoni, juu kidogo ya kanisa lao la tofali za udongo, ili asubuhi aliachie tu gari lishuke lenyewe mpaka liwake. Mteremko ulipokosekana, tulishuka tukasukuma. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tumezoea kama mtu anavyozoea mlango unaofunguka kwa kuinuliwa.

Lakini kila alipojaribu ufunguo kabla ya kutuomba tushuke, mimi nilisikia. Wiiiii, kama cherehani inayokimbia bila kitambaa. Betri ilikuwa nzima, mota ilikuwa nzima, ila nguvu yake haikufika kwenye injini. Sauti hiyo nilikua nayo.

Baba yangu alitengeneza staata pale Uvira, kwenye meza ya mbao mbele ya nyumba yetu. Yeye aliziita demareri, kwa Kifaransa cha mafundi. Mama alikuwa amekufa nikiwa mdogo, kwa hiyo nilipotoka shule nilikaa chini ya ile meza, baadaye pembeni yake, baadaye nikawa namshikia taa na kle, ndiyo spana. Nieleze kidogo kwa asiyejua. Staata ni mota ndogo inayokula umeme wa betri. Mbele yake kuna kidude chenye gia ndogo ya meno. Ukizungusha ufunguo, kile kidude kinasogea mbele, kinauma gurudumu kubwa la meno la injini na kulizungusha mpaka injini iwake, kisha kinarudi nyuma. Baba alikiita lanseri, na mafundi wa Mbarara wanakiita bendiksi. Ndani yake mna vijiti vifupi vya chuma na springi ndogo kama za kalamu. Ukikizungusha upande mmoja, vijiti vinabana na gia inashika. Upande wa pili vinaachia, gia inateleza yenyewe, ili injini ikishawaka na kukimbia isiiburuze ile mota ndogo mpaka ikaungua. Vijiti hivyo vikinata au vikilika, mota inazunguka peke yake. Ndiyo ile wiiiii.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilitaka kumfurahisha baba. Nilikuwa nimemwona akiosha vyuma kwenye kopo la petroli, kwa hiyo jioni moja, alipokwenda msibani, nilichukua lanseri ya lori la mtu nikaitumbukiza koponi ikalala humo. Asubuhi aliitoa, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini mno, pande zote mbili. Alikaa kwenye kigoda.

"Nani aliweka hii ndani ya esansi?"

"Ni miye, papa. Nilitaka ikuwe safi."

Hakunipiga. Akasema, "Mule ndani muna mafuta yenye waliweka kule ilitengenezwa, halafu wakaifunga. Hakuna fasi ya kuyarudisha. Hii sasa imekufa." Alichukua patasi na nyundo akaipasua mbele yangu, akanimwagia mkononi vile vijiti na springi zake. "Kwa kuwa umeiua, basi uione." Mchana kutwa tulikaa tukiviangalia. Alinionyesha kila kijiti kinakaa wapi, kinabana vipi, kwa nini kinachoka. Mwenye lori alipewa lanseri ya akiba ya baba, wala hakuambiwa ni mtoto aliyeharibu.

Vita vilipofika, baba tulikimbia naye. Meza ilibaki, kle zilibaki. Hapa Nakivale alilima kama sisi wote, vibaya, maana hakuwa mkulima, na mwaka wa pili aliugua akafa. Mimi nilikuwa na mtoto wa kike anayenyonya, baba yake hajulikani alikopotelea njiani. Nikawa mama wa maharage. Watu hawakuniuliza nilikuwa nani kabla, nami sikuwauliza wao.

Siku niliyomwambia dereva ilikuwa Ijumaa, tumesukuma mara mbili kabla ya kutoka Juru. Nilimfuata upande wa mlango wake.

"Papa shoferi, ile demareri yako iko inazunguka bure. Lanseri yake haishike."

Aliniangalia kwa upole, jasho likimtoka. "Mama, wewe umejulia wapi mambo ya moteri?"

"Baba yangu ndio ilikuwa kazi yake."

"Fundi wa Mbarara ameshaifungua mara tatu. Kila mara anaiongeza grisi."

"Basi ile grisi ndio iko inaiuwa. Grisi inakamata vumbi, inakauka, inakuwa kama ukoko wa bugali. Pale hapatake grisi."

Alicheka kidogo, si kwa dharau, akanishukuru, akapanda garini. Nami nikarudi kwenye gunia langu. Nilikuwa na aibu, kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu hadharani. Sikulisema tena.

Miezi ikapita, binti yangu akachumbiwa na kijana wa Kikongo mwenye duka dogo kule Endiinzi. Ndoa ingefungwa huko huko, kanisani kwao. Dereva alijitolea kumpeleka bibi harusi. Aliosha pikapu siku nzima, akafunga vitambaa vya rangi kwenye vioo, akatandika mkeka mpya nyuma kwa ajili ya wanakwaya. Binti yangu alikaa mbele katikati yetu, gauni jeupe limejaa mpaka kwenye usukani, shela nimeishika mimi isije ikakanyagwa.

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi. Tulikuwa tumeshakwenda mwendo mzuri, kwaya inaimba, tulipofika bondeni tukakuta ng'ombe wanavuka, wale wa pembe ndefu, hawana haraka na mtu. Dereva alifunga breki, gari likateleza kidogo, injini ikazima.

Alizungusha ufunguo. Wiiiii.

Akazungusha tena. Wiiiii.

Tulikuwa chini kabisa ya bonde. Mbele kupanda, nyuma kupanda, katikati matope. Wanakwaya walishuka na viatu vyao vya harusi, wakajaribu kusukuma, gurudumu likazama. Msichana mmoja alianguka magoti. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. Kanisani walikuwa wanatungoja.

Nilimwambia dereva, "Nipe kle."

Safari hii hakuniuliza kitu. Alitoa chini ya kiti spana, bisibisi na nyundo, akazifuta kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunipa. Mchungaji wa ng'ombe alikuwa amesimama akitutazama. Alipoona nimekunja kitenge changu kipya nataka kuingia chini ya gari, alikwenda akakata matawi, akayatandika juu ya matope, akaweka na koti lake la mvua juu. Hatukuwa na lugha ya kuelewana vizuri. Nilimwambia asante, akaitikia kwa kichwa.

Nililala chali. Mwanzo mikono yangu haikujua ianzie wapi. Miaka kama ishirini ilikuwa imepita. Nilimwambia dereva afungue kwanza waya wa betri, kisha nikapapasa mpaka nikaona boliti mbili, ya pili imebana. Nilipoigonga ikalegea, staata ikanishukia kifuani na uzito wake wote, na harufu ile ya chuma kilichoungua na mafuta ya zamani. Nililia pale chini. Hakuna aliyeona, au dereva aliona akanyamaza.

Nilitoka nayo nikaiweka juu ya koti la mchungaji. Nilifungua upande wa mbele tu, nikibana wa nyuma usiachane, maana makaa madogo ya kupitisha umeme mle ndani yangeruka nisiyaone tena. Kweli ilikuwa grisi tupu, nyeusi, ngumu, imechanganyika na unga wa chuma. Nikaishika gia kwa vidole na kuizungusha. Upande unaotakiwa kubana, ilibana kidogo, ikaachia. Ilibana, ikaachia. Vijiti vilikuwa vimenata, havirudi mahali pake.

Dawa ya kweli ilikuwa lanseri nyingine, na hapakuwa na duka ila pembe za ng'ombe. Kulikuwa na njia moja tu ya kuifanya ishike siku ile. Ni ile aliyonikataza baba: esansi ingeyeyusha ukoko vijiti virudi kubana, ingawa ingeosha na mafuta yake ya ndani.

"Papa shoferi," nikasema, "nitaimwangia esansi ndani. Itashika leo, pengine na juma hili. Kisha itakufa. Nikuambie mbele, usiseme sikukuambia."

"Ifike kanisani tu," akasema.

Alivuta petroli kidogo kwa mpira kutoka kwenye tangi, akatema mate, akanipa kwenye kifuniko cha chupa. Niliidondoshea ndani ya lanseri, nikaizungusha, nikaigonga polepole kwa mpini wa bisibisi, nikadondosha tena, ukoko ukaanza kutoka mweusi kama maji ya mkaa. Nikapangusa mhimili ambao lanseri inateleza juu yake kwa kipande nilichochana kwenye kitenge changu, mpaka mikato yake ikaonekana. Nikajaribu kwa kidole. Upande huu ikateleza. Upande ule ikabana, kak, kama jiwe.

Nilirudisha kila kitu. Yeye aliingia, akazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja. Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni kwake na nikasikia kitu kingine: injini imeshawaka, na yeye bado ameushikilia ufunguo. Staata ilikuwa inapiga kelele ya kuumia, gia yake inakimbizwa na injini. Niliingiza mkono dirishani, mkono wangu mchafu wa grisi, nikaushika mkono wake.

"Achilia, papa. Imeshawaka. Achilia."

Akaachia. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa.

Tulifika tumechelewa. Mchungaji wa kanisa alikuwa ameshaimbisha nyimbo zote anazozijua. Niliingia na binti yangu mkono kwa mkono, yeye mweupe kabisa, mimi nina matope mgongoni na grisi mpaka kwenye viwiko. Mama wa bwana harusi aliniletea beseni la maji na sabuni hapo hapo mlangoni, akaninawisha yeye mwenyewe. Siku hiyo ndiyo nilijua mwanangu amefika kwa watu.

Lanseri ilikaa siku tisa, ikafa. Siku ya kumi dereva alikuja nyumbani, akasimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Mama, imekufa vile ulisema. Nataka twende pamoja Mbarara, kule Kakoba wanauza vipuri, unichagulie nyingine. Mimi nitadanganywa."

Tulikwenda bila magunia. Ndiyo mara ya kwanza nilikaa mbele peke yangu naye. Njiani nilimuuliza kwa nini anashikilia ufunguo muda wote ule, kwa sababu hata mpya ingeungua kwa mtindo huo.

"Siku ile tunakimbia kwetu," akasema, "kulikuwa na gari la jirani. Liliwaka, nikaachia ufunguo, likazima. Nikaliwasha tena, nikaachia, likazima. Mara ya tatu halikuwaka. Mke wangu alikuwa ndani, mgonjwa wa moyo. Tukakwenda na miguu." Alibadilisha gia. "Alifika hapa. Aliishi miezi mitano. Tangu siku hiyo mkono unakataa kuachia."

Nilimwambia tu, "Tutaufundisha."

Muuza vipuri pale Kakoba alikuwa Mganda, mnene, mcheshi, amezungukwa na vyuma mpaka kwenye dari. Alimwangalia dereva, akaanza kumweleza yeye. Dereva akamwonyesha mimi kwa kidevu.

"Nyabo, wewe najua bendiksi?" akaniuliza muuzaji. Nyabo kwao ni mama.

Nikanyoosha mkono. Alileta tatu. Ya kwanza niliihesabu meno, haikuwa yake. Ya pili meno yalikuwa yamelika pembeni, imepakwa mafuta ing'ae. Nilimrudishia. Ya tatu ilikuwa imetumika, lakini gia yake ilibana vizuri upande mmoja na kuteleza upande wa pili bila kukwaruza, na springi yake ilirudi haraka nilipoibonyeza. Nikasema, hii. Muuza vipuri alicheka mpaka akakaa.

"Hii nyabo nakataa kudanganywa! Hii ndiyo mimi nilikuwa nataka kuweka kwa gari yangu!"

Niliifunga pale pale kwenye baraza lake, dereva amechuchumaa pembeni. Nilimwonyesha kama nilivyoonyeshwa. Mwili wa lanseri unapanguswa kwa kitambaa kikavu tu, usiloweshwe. Mhimili unapigwa mswaki mpaka usiwe na uchafu, kisha matone mawili ya mafuta mepesi kwenye mikato yake, yasambazwe kwa kidole, yanayozidi yafutwe. Grisi hapana. Meno yapapaswe kwa ukucha, kama kuna palipoinuka pasuguliwe kwa tupa laini. Alirudia kila neno baada yangu, taratibu, kama katekisimu. Tulipomaliza nilikaa kushoto, nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye ufunguo. Injini ilipowaka nikamwinua kidole kimoja kimoja. Tulifanya hivyo mara nne, muuza vipuri anatuangalia.

Juma lililofuata dereva alinifundisha mimi kitu: jinsi ya kupanga mawe kuzuia maji yasibomoe mistari ya maharage. Alikuja na jembe lake bila kuitwa. Kisha akaja na katekista na mzee mmoja wa upande wao, wamevaa makoti, kuniposa. Mimi ni wa kanisa lingine, na hilo lilizungumzwa vikao vitatu, kwa heshima, chai ikiingia na kutoka. Binti yangu alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, ulikuja kuniozesha miye, na weye ukapata wako!"

Yule muuza vipuri alinitumia salamu kwamba ana staata nane ndani hazina wa kuzifungua. Nilikwenda siku moja, nikaenda tena. Sasa nina meza barazani kwake siku mbili kwa juma, na siku zilizobaki niko shambani. Wapanda bodaboda wa Kakoba wananiita Mama Bendiksi. Wengine wananiletea pikipiki zao, wanakuta mimi nasema demareri, wao wanasema staata, tunaonyeshana kwa kidole.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia kwisha, mume wangu aliugua. Kichwa, kisha kifua, kisha akaanguka uani akiwa amebeba maji. Tulimlaza hospitali Mbarara majuma mawili, presha imepanda sana. Nililala chini ya kitanda chake kama wanavyolala wauguzaji wote, juu ya mkeka, nikiamka kumpikia uji kwenye majiko ya nyuma. Jioni moja alisema, "Nisimulie kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Ile ya leo."

Sikuwa nimefanya kazi siku hiyo, nilikuwa naye kutwa. Nikamtungia. Nikamwambia imekuja staata ya trekta, nzito, boliti zimeshika kutu, nimeziloweka mafuta nikangoja. Alifumba macho. Nikamwambia nimeitoa lanseri, nikaipangusa kwa kitambaa.

"Kikavu," akasema.

"Kikavu, ndiyo."

"Halafu?"

Nikaendelea mpaka pumzi yake ikawa ndefu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa Kinyankore, aliniuliza kwa Kiswahili cha kijeshi, ile trekta iliwaka au haikuwaka. Nikamwambia iliwaka. Akasema vizuri, akageukia ukutani.

Daktari alituruhusu na vidonge vya kumeza kila siku maisha yote. Siku hizi huwa navihesabu mimi, yeye ananitolea ulimi kuonyesha amemeza. Tulirudi Juru mchana, yeye amekaa kushoto na mimi katikati, kijana wa kwaya ndiye anaendesha. Maharage yalikuwa yameshakauka shambani. Jirani alikuwa ametuvunia mistari yote ya upande wa juu, akayapura na kuyaanika uani kwetu kwenye turubai, kisha akaondoka kabla hatujafika. Mume wangu alishuka, akainama kwa shida, akachota maharage kwa viganja viwili, akayanusa. Kisha akaniomba kigoda, akakaa hapo juani, tukaanza kuyapepeta.